Cheti cha Nasaba Kinathibitisha Nini? Usajili wa Mbwa wa Mbegu na Mipaka Yake

Katika biashara ya mbwa, maneno "ana karatasi" hupandisha bei kabla mnunuzi hajamtazama mnyama mwenyewe. Makala hii inadai kwamba karatasi hiyo inashuhudia jambo moja tu, yaani nani alimzaa nani, na kwamba ushahidi wenyewe hauwezi kuwa na nguvu kuliko ukaguzi wa chama kilichoutoa. Afya, tabia na uwezo wa kazi ni mambo ya kuulizia kando. American Kennel Club, chama cha usajili kilichoanzishwa mwaka 1884, chenyewe hutamka wazi kuwa kusajiliwa kwa mbwa si dhamana ya ubora wala afya yake. Wauzaji hawapendi kuusoma mstari huo kwa sauti.

Tuangalie daftari la usajili linavyojazwa. Mfugaji hutoa taarifa kwamba jike wake amepandwa na dume fulani, mwenye dume huthibitisha, watoto wakizaliwa wanaandikishwa na kupewa namba. Mfumo mzima umesimama juu ya uaminifu. Dume wa jirani aliyeruka ukuta usiku hana fomu ya kujaza. Ndiyo maana baadhi ya vyama sasa vinadai vipimo vya vinasaba, hasa kwa madume wanaopandisha mara nyingi. Kwa mnunuzi, ukaguzi wa kwanza ni rahisi: namba ya chipu iliyo chini ya ngozi ya mbwa ilingane na iliyoandikwa kwenye cheti. Isipolingana, au mbwa asipokuwa na chipu wala alama nyingine ya utambulisho, hakuna kinachomfunga mbwa huyu na karatasi ile.

Majina nayo yasomwe, yasihesabiwe tu. Cheti cha vizazi vitatu kina nafasi 14 za wazazi, mababu na mabibi. Jina moja likijirudia upande wa baba na upande wa mama, damu imerudi nyumbani. Watoto wa ndugu wa mzazi mmoja wana mgawo wa ukaribu wa damu wa asilimia 12.5, wa ndugu wa baba na mama mmoja, asilimia 25, na hapo hatujahesabu udugu wa vizazi vya nyuma. Kennel Club ya Uingereza, yenye daftari tangu 1874, iliacha kusajili watoto wa ndugu wa baba na mama mmoja, na wa mzazi na mwanawe, mwaka 2009 tu, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kabla ya hapo watoto hao walipata cheti halali kabisa. Uhalali, basi, hautuambii kitu kuhusu busara ya aliyepandisha. Chama cha German Shepherd cha Ujerumani, kilichoundwa mwaka 1899, kimekwenda mbali zaidi: nyonga za wazazi hupigwa picha ya eksirei, na cheti cha waridi hupewa watoto ambao wazazi wote wawili wamepita uteuzi wa ufugaji. Karatasi ya namna hiyo inasema mengi zaidi, kwa kuwa imedai mengi kabla ya kuchapwa.

Wapo watakaopinga: kama cheti kinasema machache hivyo, kwa nini tusikitupe? Kwa sababu bila daftari ugonjwa wa kurithi hauna pa kufuatiliwa. Wengine watasema, kinyume chake, kwamba daftari lifungwe kabisa ili mbegu isichafuke. Basenji, mbwa wa Kongo, anawajibu wote wawili. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache walioletwa kutoka Afrika, na ndani ya daftari lililofungwa ulisambaa ugonjwa wa Fanconi, ambao hufanya figo zivujishe sukari na protini kwenye mkojo. Mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa amekomaa, ameshazaa. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walikwenda Zaire ya wakati huo, wakarudi na mbwa wa vijijini wasio na karatasi yoyote, na mwaka 1990 American Kennel Club ikawafungulia daftari. Waliotakiwa kuiongezea mbegu damu mpya walikuwa hao wasiosajiliwa. Lakini kizazi chao kinafuatiliwa leo kwa sababu hatimaye waliandikwa.

Hoja nzito zaidi kwetu ni gharama. Mfugaji wa Nairobi au Arusha atasema vipimo ni ghali na mnunuzi anataka bei nafuu. Ni kweli, ila eksirei ya nyonga hupigwa kwa wazazi wawili, na gharama yake hugawanywa kwa watoto wote wa uzao, na wa uzao unaofuata. Mnunuzi, kwa upande wake, humlisha mbwa mlemavu wa nyonga kwa miaka kumi. Mfugaji anayeweza kulipia usajili lakini hawezi kuonyesha picha hata moja ya nyonga aulizwe kwanza anauza nini.