Damu ya Farasi Haijibu Kila Swali: Maelezo kwa Anayelipia Uchunguzi wa Saratani



Tumealikwa kuzungumza juu ya huduma ambayo wengi hawaihesabu miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa, nayo ni uchunguzi wa ugonjwa. Mwenye farasi huinunua huduma hii akiwa katika hali dhaifu kuliko zote: mnyama anakonda mbele ya macho yake, bei haina mjadala, na karatasi anayokabidhiwa imejaa tarakimu asizoweza kuzisoma.

Yalitufikia malalamiko ya mtu mmoja mwenye farasi wawili wa kupandisha watalii ufuoni, pwani ya kusini. Jike mmoja alianza kukonda ilhali chakula hakukiacha. Baadaye akapata uvimbe wa maji chini ya kifua, na jioni nyingine homa. Damu yake ilipelekwa maabara mara tatu katika muda wa miezi minne. Kila mara jibu lilirudi kwamba chembechembe nyeupe zi katika kiwango cha kawaida, na kila mara mwenyewe akaambiwa kwa mdomo kwamba saratani haimo. Katika mwezi wa tano daktari mwingine alimpima jike yule kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa, akagusa tezi zilizovimba ndani ya tumbo. Ilikuwa limfoma. Mlalamikaji wetu hakudai kwamba farasi wake angepona. Alichodai ni kwamba alilipa mara tatu kwa kipimo kisichoweza kujibu swali aliloliuliza, na hakuna aliyemwambia hivyo. Tuliona ana haki.

Kosa linaanzia katika jina. Tunaposema saratani ya damu tunachanganya maradhi mawili yenye mwenendo tofauti. Lukemia huanzia katika uboho wa mifupa na kumwaga chembe zake katika damu. Kwa farasi ni nadra mno. Limfoma hutokana na chembechembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, ambazo makao yake ni tezi, bandama, utumbo, kifua na hata ngozi. Miongoni mwa saratani za jamii hii, limfoma ndiyo inayowapata farasi zaidi, ingawa nayo si ugonjwa wa kila siku. Chembe zake kwa kawaida hubaki katika viungo hivyo, na ni farasi wachache tu ambao huonekana zikizunguka katika damu. Kwa hiyo hesabu ya chembe za damu ikirudi safi, haijamtoa mnyama katika shaka.

Hatusemi kwamba kipimo cha damu ni fedha iliyotupwa. Huonyesha upungufu wa damu, kushuka kwa protini iitwayo albumini, au kupanda kwa fibrinojeni, na hayo humwelekeza daktari pa kutazama. Lakini minyoo mingi au jipu lililojificha tumboni huweza kuleta picha ile ile.

Farasi mwenyewe ana mambo yake yanayotatiza hesabu. Bandama yake ni ghala la chembe nyekundu. Akishtuka, au akivutwa kamba kwa nguvu, bandama hujikamua na kuzimimina katika mishipa, na mnyama mwenye upungufu wa damu akaonekana kana kwamba anayo ya kutosha. Damu itolewe akiwa ametulia, na ikiwa alipigana na watu kabla ya sindano, jambo hilo liandikwe. Tena, kwa wanyama wengine wengi maabara hutambua kwamba uboho unafidia damu iliyopotea kwa kuziona chembe nyekundu changa katika mzunguko. Farasi hazitoi chembe hizo changa. Kama swali ni iwapo uboho unafanya kazi, uboho wenyewe hauna budi kuchukuliwa, na kwa farasi mkubwa mara nyingi huchukuliwa katika mfupa wa kidari.

Basi limfoma huthibitishwa kwa nini? Huthibitishwa kwa kuzipata chembe zenyewe mahali zilipo. Daktari hupapasa tezi, hupima tumbo kwa mkono, hutazama kifua na tumbo kwa altrasaundi, na akikuta maji yaliyojikusanya huyavuta kwa sindano ili yatazamwe chini ya hadubini. Penye uvimbe unaofikika, sindano nyembamba ni nafuu, lakini huvuta chembe chache zilizotawanyika. Kipande kidogo cha nyama kilichokatwa humwonyesha mtaalamu wa patholojia jinsi chembe zilivyojipanga, na aghalabu ndicho kinachokata shauri. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 ulichambua limfoma za farasi 203 na kuzigawa katika aina nyingi. Kuna zinazoua katika majuma machache, na kuna za ngozi ambazo vivimbe vyake hufura na kunywea kwa miaka, mnyama akiendelea na maisha yake. Ndiyo sababu neno limfoma peke yake katika ripoti halikutoshi. Uliza ni ya aina gani na iko wapi.

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Dawa za jamii ya steroidi huweza kupunguza uvimbe kwa muda, na mwenye mnyama akafurahi. Zikitolewa kabla ya sampuli kuchukuliwa, huweza kuuficha ugonjwa usionekane katika kipande cha nyama. Ukiletewa sindano ya namna hiyo, uliza kwanza kama sampuli imekwisha chukuliwa.

Upo pia upotofu wa upande wa pili, nao huua. Chembechembe nyeupe zikizidi, au farasi akikonda na kukosa damu, hutokea mtu akatamka saratani na kushauri mnyama auawe. Katika nchi yetu yapo mengi ya kutazama kabla ya hilo. Ndorobo wapo hata pembezoni mwa Shimba Hills, na nagana humkondesha farasi, humpa homa za kuja na kuondoka, na humvimbisha chini ya tumbo. Kupe nao huleta vijidudu vinavyovunja chembe nyekundu. Maradhi haya yana dawa. Vimelea vya nagana havionekani katika damu kila siku, kwa hiyo kioo kimoja kisicho na kitu hakitoshi. Dai kirudiwe, hasa siku ya homa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma anayoilipia. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize daktari kipimo hiki kinaweza kuthibitisha nini, kinaweza kukanusha nini, na jibu likirudi safi hatua inayofuata ni ipi na itagharimu kiasi gani. Si utovu wa adabu. Hakikisha pia kwamba anayekuhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2011. Ripoti ya maabara ni yako. Chukua nakala pamoja na risiti, kwa kuwa maneno ya mdomo ndiyo yaliyotushinda kuyathibitisha katika shauri tulilolitaja.

Mlalamikaji yule alikuwa na swali moja zaidi, na huenda baadhi yenu mnalo: je, farasi wa pili, aliyelala banda moja na mgonjwa, auzwe? Ng'ombe wana kirusi kinachoambukizana na ambacho huweza kuwasababishia limfoma. Kwa farasi hakuna kirusi cha namna hiyo kilichothibitishwa, na limfoma haihesabiwi kuwa ugonjwa wa kuambukiza. Tulimshauri asimuuze kwa hofu hiyo.