Mikono Hiyo Ilikuwa ya Nani?



Siku moja sisi na jamaa yetu tulipata nafasi ya kutembezwa katika mji wa London. Kiongozi wetu, mama mmoja Mwingereza, alituzungusha tangu asubuhi: Mnara wa London, kando ya mto Thames, na mchana Westminster Abbey, kanisa ambamo wafalme wa Uingereza huvikwa taji. Miguu ilikuwa imechoka, na watoto walikwisha kuanza kuulizia chakula.

Humo kanisani, sakafuni, tulionyeshwa kaburi la Dakta David Livingstone. Jiwe lake lasema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Tulisoma, tukaitikia kwa kichwa, tukataka kupita. Binti yetu mdogo akatuvuta nguo. "Baba, mikono hiyo ilikuwa ya nani?"

Sisi tuliosomea chuo cha theolojia tulinyamaza. Yule mama ndiye aliyemjibu mtoto. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo Zambia leo. Watumishi wake Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alisafiri nao hadi Uingereza, akahudhuria maziko tarehe 18 Aprili 1874. Lakini majina yao hayamo katika maneno yale ya jiwe.

Tuliona haya. Tumetoka Afrika, na mgeni ndiye aliyetutajia majina ya watu wetu!

Haya hiyo ilitufuata mpaka nyumbani. Mlangoni mwa kanisa letu pana jiwe la msingi lenye jina la Askofu. Akina mama waliobeba mchanga na maji kutoka mtoni hawakuandikwa popote. Tena yuko mzee afunguaye kanisa kila Jumapili kabla ya mapambazuko. Kwa miaka sita tulimwita "Mzee wa Ufunguo" tu. Jumapili ile tulimwomba atuambie jina lake. Akalitaja polepole, kama mtu aliyeulizwa kitu cha thamani.

Ndugu msikilizaji, labda nawe wabeba mzigo ambao hakuna auonaye. Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, watuhakikishia kwamba Mungu hana udhalimu wa kuisahau kazi ifanywayo kwa upendo. Yeye hahitaji jiwe ili akukumbuke. Lakini sisi tulio karibu nawe hatuna udhuru. Leo, kabla jua halijatua, mwulize mmoja jina lake, umshukuru.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwapita watumishi wako bila kuwaona. Utufumbue macho, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.