Kuku, Paka na Mgeni Mkahawani

Safari hufunza mambo mengi, na mengi katika hayo hufunzwa mezani. Mtu akiwa kwake hula alichozoea, wala hana haja ya kuuliza jina la chakula. Akitoka kwake hukuta vyakula vigeni vyenye majina mageni, na kando yake wameketi watu asiowajua. Hapo ndipo subira ya mtu inapopimwa.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Siku za kwanza treni haikuwa na behewa la kulia. Ilisimama katika stesheni kama Voi, na abiria wakashuka kula katika nyumba ya wageni. Baadaye treni ya usiku iliondoka Nairobi jioni, ikafika Mombasa asubuhi. Tangu mwaka 1901, basi, reli imewakutanisha watu wa ziwani, wa milimani na wa pwani, na mara nyingi wamekutana penye chakula.

Katika enzi za treni hiyo ya usiku, kisa husimuliwa cha fundi wa mawe kutoka bara, aliyeitwa Mombasa kwa kazi ya kujenga. Hakupata kuiona pwani kabla ya siku ile. Saa sita mchana aliingia mkahawani upande wa Mwembe Tayari, njaa ikimuuma. Meza zote zilikuwa zimejaa, ila nafasi moja penye mzee wa kanzu na kofia na vijana wawili. Akawaamkia, nao wakamsogelea nafasi.

Mzee akamwita mtumishi, akasema, "Tuletee viazi vya karai." Fundi akashtuka, maana karai aliyoijua yeye ni ile ya kubebea udongo na saruji. Lakini akanyamaza. Mzee akaendelea, "Na kuku paka, tena tui liwe zito. Lete ya watu wanne, huyu mgeni atakula nasi."

Hapo fundi akainama kutazama chini ya meza. Naam, paka alikuwapo, mnene, ametulia, macho yake yakielekea jikoni. Fundi akamwonea huruma. Kisha hasira ikampanda, akasimama akasema, "Mzee, mimi ni mgeni, na njaa ninayo. Lakini sikutoka kwetu kuja kulishwa paka. Kama mnanifanyia mzaha, niambieni."

Mkahawa mzima ukanyamaza. Vijana wale waliziba vinywa vyao, na fundi alikuwa na neno baya ulimini juu ya watu wa pwani wote. Lau kijana mmoja angalicheka, neno lile lingalitoka. Lakini mzee hakucheka. Alisema kwa upole, "Keti, mwanangu. Kuku huchomwa juu ya makaa, kisha hupakwa tui la nazi lenye viungo na ndimu. Kwetu kuku ndiye apakwaye, paka hapikwi. Huyo aliye chini ya meza anangoja mifupa, kama wewe unavyongoja nyama. Na karai ya jikoni ni chombo cha kukaangia, haijapata kuona saruji."

Fundi akaketi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mkahawa wote ukacheka naye.

Naye alipofungua mkebe aliofungiwa na mkewe, ikawa zamu ya vijana kustaajabu. Mmoja akauliza kama zile zilikuwa mbegu za kupanda. Fundi akajibu, "Ni githeri: mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja." Mzee akaonja punje chache, akasema, "Hii ni pure! Mama yangu akitupikia." Mkamba huiita isyo, na Mjaluo huiita nyoyo. Chungu ni kimoja, majina ni manne.

Mabibi na Mabwana, kisa hiki ni cha kuchekesha, lakini hebu fikirini kama fundi yule angalitoka kwa hasira. Angalirudi kwao na habari kwamba watu wa pwani hula paka. Jirani angalimwambia jirani, na watoto wangalikua wakiamini hivyo. Masingizio mengi juu ya kabila zima huanza vivyo hivyo, kwa neno moja lililosikiwa vibaya na mtu aliyeona haya kuuliza.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Msafiri na aulize kabla ya kukasirika. Mwenyeji naye na aeleze kabla ya kucheka, kwa kuwa mgeni mwenye njaa huudhika upesi, na aliyeaibishwa mbele ya watu hasahau.