Kidonge Kilichokatwa kwa Wembe

Mama anafika duka la dawa Buseresere, wilayani Chato, mtoto mgongoni ana homa. Dawa ya watoto imekwisha. Muuzaji anachukua kidonge cha mtu mzima, anakikata kwa wembe, anafunga nusu kwenye karatasi ya daftari. Karatasi haina jina la dawa, kipimo wala tarehe.

Msikilizaji, hapo dawa imebadilishwa na mtu asiye na ruhusa hiyo. Sheria ya Famasi ya Tanzania ya mwaka 2011 inalipatia Baraza la Famasi kazi ya kusimamia wanataaluma na maduka. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inasimamia ubora wa dawa zenyewe. Kuchanganya au kubadilisha dawa ni kazi ya mfamasia. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa yauze dawa zilizoorodheshwa, basi.

Tena hata wataalamu lazima wakaguliwe. Mwaka 2012 huko Marekani, sindano zilizochanganywa na famasi moja ya Massachusetts zilikuwa na fangasi. Watu zaidi ya 60 walikufa.

Lakini kufunga duka peke yake hakumsaidii mama huyu. Amoksilini na dawa mseto za malaria za watoto, vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, zipo, na Shirika la Afya Duniani linazipendekeza. Kwa hiyo mkaguzi anayekuja wilaya ya Chato aulize leseni iko wapi, kisha aulize dawa za watoto ziko wapi. Akikuta rafu tupu, aliandike hilo kwenye ripoti kwa uzito uleule.