Chungu Kisicho na Mahindi, na Dawa Zilizo Jikoni

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya baraza la wazee, akina mama na vijana huko Ukambani. Tumeyachapa yote kwa faida ya wasomaji wetu walioko mashambani na mijini.)

Mimi si daktari, wala si mwalimu wa upishi. Kazi yangu ni kufasiri. Wataalamu huandika kwa Kiingereza, nami huyageuza maneno yao kuwa Kiswahili ili yawafikie watu. Kwa ajili ya kazi hiyo nimesoma mengi juu ya chakula na magonjwa, na katika hayo liko jambo moja lililoniletea aibu kubwa, nitakalowasimulia baadaye kidogo.

Leo nataka kunena habari za mambo mawili yakaayo mahali pamoja, yaani jikoni. La kwanza ni chungu kiwezacho kuwalisha watu vizuri pasipo nafaka. La pili ni dawa ambazo mama aweza kuzitengeneza hapo hapo mekoni, na mpaka ambao dawa hizo haziwezi kuuvuka.

Sikuja kumkataza mtu ugali wake. Mimi mwenyewe naupenda. Lakini nyumba yenye chakula cha namna moja ni kama nyumba yenye nguzo moja. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini ninyi mnajua kuliko mimi yaliyotokea mwaka wa 2004. Mahindi yaliyotiwa ghalani kabla ya kukauka yaliota kuvu, na kuvu ile ilitoa sumu ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hiyo hushambulia ini. Katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani waliugua watu 317, na katika hao walikufa 125. Sumu hiyo haionekani kwa macho sikuzote, wala haiishi kwa kuchemshwa. Basi mahindi yenye kuvu hayafai kusagwa, wala kuoshwa na kupikwa, wala kupewa kuku. Na katika mwaka kama ule, mama aliye na muhogo shambani, viazi vitamu katika matuta, na mbaazi kavu katika mtungi, ana njia nyingine ya kuwalisha watoto wake.

Ila hapa pana mtego, na inafaa tuutazame vizuri. Muhogo, viazi na ndizi hujaza tumbo upesi, lakini haviujengi mwili. Daktari mmoja mwanamke mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast, ambayo leo huitwa Ghana, aliandika mwaka wa 1933 habari za watoto waliovimba miguu, nywele zao zikageuka rangi na ngozi ikabambuka. Baadaye alilitaja gonjwa hilo kwa jina walilolitumia wenyeji, kwashiakoo, nao walisema kwamba ndilo gonjwa la mtoto aondolewaye matitini mdogo wake anapozaliwa. Mtoto yule alikuwa akila, tena tumbo lake laonekana limejaa, lakini alikosa chakula cha kujenga mwili.

Kwa sababu hiyo, kila chungu kisicho na nafaka hakina budi kuwa na vitu vitatu. Kwanza, cha kutia nguvu: muhogo, viazi vitamu, viazi vya kizungu, viazi vikuu au ndizi za kupika. Pili, cha kujenga mwili: mbaazi, kunde, maharagwe, njugu, dagaa, yai, maziwa au nyama. Tatu, cha kuulinda mwili: majani ya kunde, mchicha, mnavu, mgagani, majani ya maboga, pamoja na matunda. Kikikosekana kimoja, chungu hicho ni kipungufu, hata kikiwa kimejaa mpaka juu.

Babu zetu walilijua jambo hili bila ya kusoma kitabu. Wataita wana chakula chao kiitwacho kimanga, ambacho ni muhogo au viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe. Waluhya huponda viazi vitamu na maharagwe wakakiita mushenye. Wakikuyu humpondea mama aliyejifungua njahi pamoja na ndizi. Katika vyakula hivyo vyote haimo hata punje moja ya hindi, na wanaovila wana afya.

Sasa niwaeleze chungu kimoja ambacho aweza kukipika kila mtu hapa. Twaa mbaazi kavu kikombe kimoja, uzichambue, uziloweke usiku kucha, kisha uyamwage maji yale. Zichemshe katika maji mapya mpaka ziwe laini kabisa. Menya viazi vitamu, uvikate, upate vikombe viwili, uvitie juu ya mbaazi. Vikikaribia kuiva, tia majani ya kunde yaliyooshwa na kukatwa, na baada ya dakika chache epua. Katika sufuria ndogo kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo, umimine humo, utie chumvi kiasi, uponde. Kwa mtoto mdogo, ponda mpaka pasiwe na vipande vya kumkaba. Ukipata dagaa waliokauka vizuri, watwange wawe unga, umnyunyizie kijiko kimoja katika sahani yake. Mafuta yale si ya kuongeza utamu tu, maana ndiyo yausaidiayo mwili kuipokea vitamini A iliyo katika viazi na majani.

Na mkipanda viazi, tafuteni mbegu ya vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, kama Kabode na Vita. Mtoto akosaye vitamini A huanza kutoona jioni, akazidi kushikwa na maradhi, na mwisho aweza kuwa kipofu. Kiazi kimoja kidogo cha namna hiyo chatosha kumpa mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Mwaka wa 2016 wataalamu waliofanya kazi ya kuvieneza viazi hivi katika Afrika, na mmoja wao Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Haikuwa dawa ya chupa, bali kiazi.

Juu ya chai, nina neno fupi. Chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe. Afadhali inywewe saa moja au mbili baadaye, na wakati wa kula pawe na limau, chungwa au embe, kwani matunda hayo husaidia.

Sasa nawaonya juu ya muhogo. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo hutoka kwa kazi na kwa muda, haitoki kwa haraka. Hauna budi kumenywa, kulowekwa siku tatu hivi mpaka ulainike, kisha kuanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Hata ule mtamu yafaa umenywe, uchemshwe katika maji mengi, na maji yale yamwagwe. Kisamvu nacho kitwangwe sawasawa, kichemshwe sana chungu kikiwa wazi. Mwaka wa 1981 palikuwa na ukame mkali katika jimbo la Nampula, huko Msumbiji. Watu walikuwa na njaa, wakafupisha siku za kuutengeneza muhogo wao mchungu, wala hawakuwa na samaki wala kunde za kula nao. Watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, nao hauponi. Basi njaa isitufanye tuzipunguze siku za kuloweka. Na njugu vilevile, zikiota kuvu, zitupwe, maana sumu ile ya mahindi huzishika nazo.

Hayo ndiyo maneno ya chungu. Sasa nije kwenye dawa, na hapa ndipo ilipo aibu yangu.

Siku moja nililetewa karatasi ya kufasiri, juu ya mtoto anayeharisha. Nilikuwa na kazi nyingi mezani, nikaandika upesi upesi: "Tia kijiko cha chumvi katika maji." Kabla karatasi haijapelekwa kupigwa chapa, ilisomwa na mama mmoja muuguzi, mtu mzima sana, aliyekuwa amekuja pale kwa shughuli zake. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Bwana Mfasiri, ni mtoto wa nani atakayekunywa haya?" Nikatazama tena maneno ya Kiingereza. Yalisema nusu ya kijiko kidogo, kilichosawazishwa. Mimi nilikuwa nimeacha "nusu", nimeacha "kidogo", nimeacha "kusawazishwa". Chumvi nyingi namna ile humtia mtoto kifafa, na yaweza kumwua. Tangu siku hiyo sijaandika kipimo bila ya kukisoma kwa sauti mara tatu.

Basi sikilizeni kwa makini, na aliye na kalamu aandike. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Sukari vijiko vidogo sita, kila kimoja kimesawazishwa. Chumvi nusu ya kijiko kidogo, nayo imesawazishwa. Koroga mpaka viyeyuke. Yaonje: yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi, yamwage uanze tena. Yatumieni siku ile ile, na yaliyosalia baada ya saa 24 yamwagwe. Mtoto asiyetimiza miaka miwili apewe robo mpaka nusu ya kikombe kila aendapo choo, na aliyetimiza apewe nusu mpaka kikombe kizima. Mpe kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Anyonyaye aendelee kunyonya, na alaye aendelee kula. Mkiweza kupata pakiti za chumvi na sukari zitolewazo katika zahanati, hizo ni bora zaidi, na huko mtoto hupewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14.

Msiyadharau maji haya kwa sababu ni rahisi. Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi huko Bongaon, nchini India. Dawa ya kutiwa mishipani ilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliwagawia wagonjwa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo, na ndugu zao ndio waliowanywesha. Mahali ambapo wangekufa watu 20 au 30 katika kila 100, walikufa chini ya wanne.

Dawa nyingine za jikoni nazitaja kwa ufupi. Asali kijiko kimoja hutuliza kikohozi, lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, maana yaweza kuwa na vijidudu vya kumpooza. Maji ya vuguvugu yenye chumvi hufaa kusukutua koo linalouma. Tangawizi hupunguza kichefuchefu. Aliyeungua na moto amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe mafuta, wala majivu, wala dawa ya meno. Na kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe samadi wala udongo, kwani humo ndimo hupita pepopunda.

Na mpaka ni huu. Homa haitibiwi kwa kukisia. Mtu akishikwa na homa, apimwe damu siku ile ile, apewe dawa ya malaria ikionekana. Wengine husema, "Lakini dawa ya malaria nayo imetoka katika mmea." Ni kweli. Mwanamke wa Kichina, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015 kwa kuitoa dawa katika mmea wa artemisia. Lakini kazi yake ilikuwa kuitenga dawa ile na kupata kipimo chake. Chai ya majani hayo haina kipimo kijulikanacho, na Shirika la Afya Duniani haliikubali kuwa tiba. Mambo ya mwarobaini ni kama hayo, na mafuta yake yamewadhuru watoto wachanga waliponyweshwa.

Mama zangu, mtoto akipumua mbio au kifua chake kikibonyea ndani, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na kifafa, akilegea asiamke, akiwa na damu katika choo, au macho yake yakididimia, hapo acheni sufuria, mchukueni hospitali. Na ninyi akina baba, msingoje kuombwa nauli. Fedha hiyo iwekwe mapema, na ijulikane ilipo.

Mkifika nyumbani, tazameni mambo matatu: kama shambani mna chakula kingine kisichokuwa mahindi; kama katika chungu cha leo mna cha kujenga mwili; na kama nyumbani mna kijiko kidogo kinachojulikana na kila mtu kuwa ndicho cha kupimia. Kisha mwambieni mkubwa wa watoto aseme vipimo vya maji yale bila ya kutazama karatasi. Akikosea, mfundisheni tena.

Kama yako maswali, nipo.