Makofi ya Spassky

Wasikilizaji watukufu, kwa kuwa mwezi huu wa Julai umetuletea tena kumbukumbu ya mchezo wa sita wa shindano la sataranji la kuwania ubingwa wa dunia, uliochezwa Reykjavik, Iceland, tarehe 23 Julai 1972, na kwa kuwa mwenzetu mmoja ametuandikia akitaka kuthibitishiwa kwamba bingwa wa dunia alimpigia makofi hasimu aliyemshinda, sioni vyema kumwacha na shaka yake. Naam, alimpigia!

Madai ya hasimu huyo kuhusu viti, kamera na fedha mnayajua, wala sitawachosha nayo. Itoshe kukumbuka kwamba Bobby Fischer wa Marekani, mwenye alama za ubora 2785 dhidi ya 2660 za bingwa Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, alipoteza mchezo wa kwanza ubaoni na wa pili kwa kutohudhuria, kisha akarejea akasawazisha hesabu. Sasa sikilizeni ajabu: mtu huyu, ambaye tangu ujana wake karibu daima alifungua kwa kitunda cha mfalme, katika mchezo wa sita alinyoosha mkono akasogeza kitunda cha safu ya c! Punde mchezo ukaingia katika Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa, tena kwa kinga ya Tartakower, ambayo Spassky alikuwa ndani yake kama mwenyeji nyumbani kwake.

Bwana mmoja yuko kwenye simu, auliza kama Spassky hakuujua ufunguzi huo. Hasha, bwana! Hatua ya 14 Fischer alimleta askofu kwenye mraba wa b5, na dawa yake ni kumpeleka malkia b7. Aliyeidhihirisha mwaka uliofuata, kule Hilversum, alipomshinda Jan Timman, ni Efim Geller, msaidizi wa Spassky mwenyewe! Dawa imo kambini, mgonjwa asiinywe.

Baada ya hatua hiyo ya 14 vitunda vya katikati vya Spassky, aliyecheza na weusi, vikafungika, malkia wake akawa hana kazi ila kwenda d8 na kurudi e8, d8 na e8, huku Fischer akijipanga bila haraka hata hatua ya 38, ngome yake ilipomla farasi f6. Hatua ya 41 Spassky akasalimu amri, akapiga makofi pamoja na hadhira.

Taji lilimtoka tarehe 1 Septemba, kwa 12½ dhidi ya 8½. Mwenye ubao na aucheze mchezo huo upande wa weusi, kisha atuandikie ni wapi yeye angalipona.