Kujenga Nyumba Penye Mteremko

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Natumaini wote mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Somo la leo ni juu ya jambo linalomgusa kila mwenye jamaa, nalo ni nyumba. Wala si nyumba ya mahali popote, bali nyumba ya mlimani, penye mteremko.

Ninyi mlioko Same mjini, msiondoke. Ni kweli kwamba huko chini nchi ni tambarare na kavu. Lakini wengi wenu mna kiwanja cha wazee huko juu, Vudee, Mbaga, Chome au Suji, na siku moja mtataka kujenga.

Wazee wa Upare walijua kukaa na mteremko. Walipanga mawe kuwa kuta za kushika udongo wa mashamba. Walichimba ndiva za kukusanya maji ya kumwagilia. Kazi hizo walizifanya pamoja, kwa msaragambo. Walifahamu kwamba mlimani huwezi kuyakataza maji yasije, ila waweza kuyachagulia njia. Basi neno kuu la somo letu ndilo hili: kabla ya kupanga vyumba, panga njia ya maji.

Jambo hili si dogo. Mwezi wa Novemba 2009 mvua kubwa ilinyesha huko Goha, Mamba Miamba, katika wilaya hii ya Same. Mlima ukaporomoka juu ya nyumba, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hatuwezi kusema kwamba ujenzi mzuri huzuia kila msiba. Lakini mahali pa kuweka nyumba twaweza kupachagua.

Kwanza: Kuchagua mahali

Nenda kiwanjani wakati wa mvua, siyo wakati wa jua. Tazama maji yanapita wapi. Usijenge ndani ya korongo, hata kama ni kavu miaka mingi, maana maji hufuata mkondo wake wa zamani. Usijenge chini kabisa ya genge. Ukiona miti mingi imeinama upande mmoja, au ardhi ina ufa mrefu, au chemchemi imetokea mahali papya, hapo udongo unatembea. Pawe shamba, pasiwe nyumba. Na kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka uache mita 60.

Pili: Kupima mteremko

Hapa tutafanya hesabu. Chukua vigingi viwili, na mpira wa maji kama ule wa mafundi. Simamisha kigingi kimoja juu na kingine chini, mita 5 kati yao. Jaza mpira maji. Shika ncha moja kwenye kigingi cha juu na ncha ya pili kwenye kigingi cha chini. Maji yakitulia, tia alama kwenye kila kigingi pale maji yaliposimama. Alama hizo mbili ziko sawa, kwa kuwa maji hayadanganyi.

Sasa pima kutoka alama mpaka ardhini. Tuseme kigingi cha juu ni sentimita 40, na cha chini ni sentimita 140. Toa 40 katika 140, unapata 100. Basi ardhi imeshuka sentimita 100 katika mita 5, yaani sentimita 20 kwa kila mita.

(Mwalimu wa darasa asimame hapa, aandike hesabu ubaoni.)

Tatu: Kulaza nyumba

Tuseme baba na mama wanataka nyumba ya mita 9 kwa mita 6 kwenye kiwanja hicho. Wailaze namna gani? Wakielekeza urefu wa mita 9 kwenye mteremko, ardhi itashuka sentimita 180 kutoka ukuta wa juu mpaka ukuta wa chini. Wakiilaza nyumba kwa ubavu, upande wa mita 6 ndio ushuke, ni sentimita 120 tu.

Tazameni tofauti yake kwa jembe. Wakisawazisha kiwanja chote kwa kuchimba, namna ya kwanza wataondoa udongo wa mita za ujazo 48.6. Namna ya pili ni 32.4. Wameokoa mita za ujazo 16.2, na huo ni udongo wa tani zaidi ya 20, ambao mtu angeubeba kwa karai. Tena ukuta wa udongo utakaobaki nyuma ya nyumba utakuwa mfupi, kwa hiyo hatari yake ni ndogo.

Basi nyumba ya mteremko ilale kwa ubavu. Na watoto wakiongezeka, au bibi akija kukaa nanyi, chumba kipya kiongezwe ubavuni. Acha nafasi hiyo tangu mwanzo. Bibi naye atashukuru, maana hatapanda ngazi kwenda kulala.

Nne: Msingi

Watu wengi huchimba upande wa juu, na kile kifusi wanakimwaga upande wa chini, kisha wanajenga juu ya vyote viwili. Nusu ya nyumba inakaa juu ya udongo mgumu, nusu juu ya kifusi. Kifusi hushuka kidogo kidogo, hata kikishindiliwa, na ukuta hupasuka katikati. Kifusi kifae kwa ua na bustani. Msingi wa kuta zote ufike kwenye udongo mgumu wa asili.

Chini ya msingi pasiwe mshazari. Pachimbwe kwa ngazi, kila ngazi iwe sawa kabisa kwa pima maji. Nyumba iliyosimama juu ya msingi wa mshazari ni kama mtu aliyekaa juu ya jiwe lenye utelezi.

Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na udongo uliokatwa, acheni nafasi ya mtu kupita na kufagia, isipungue mita moja na nusu. Udongo huo msiukate wima; ulazeni, mpande majani. Mkijenga ukuta wa mawe kuuzuia, acheni matundu ya kutolea maji. Maji yakikosa tundu yatausukuma ukuta mpaka uanguke.

Tano: Maji ya juu na maji ya paa

Juu ya nyumba chimbeni mfereji wa kukinga maji, ulale kwa ubavu wenye mteremko mdogo, na uyapeleke mahali penye mwamba au majani mengi.

Kisha fikirini bati. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yetu, pamoja na upenu, ina paa la mita 10 kwa 7, yaani mita za mraba 70. Usiku mmoja ikinyesha milimita 40, bati linamwaga lita 2,800. Ndizo pipa 14 za lita 200! Yakianguka ukutani, yatakula msingi. Yakikusanywa kwa gata na kutiwa katika tangi, mama hatashuka bondeni na ndoo.

Choo kiwe upande wa chini wa nyumba, mbali na chemchemi, mita 30 au zaidi.

Sita: Jirani wa chini

Maji unayoyatoa kwako yanafika kwa nani? Mlimani kila mtu ana jirani juu yake na jirani chini yake. Mfereji wako ukimwagika jikoni kwa mwenzako, umejenga ugomvi pamoja na nyumba. Kaeni pamoja, wa juu na wa chini, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Kubalianeni njia moja ya maji mpaka korongoni, kisha ichimbeni kwa msaragambo.

Neno la mwisho. Husemwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa ufa wa ukutani. Lakini wakati wa mvua kubwa, ukiona ufa mpya ardhini juu ya nyumba, au mlango uliokuwa mwepesi umekaza ghafula, au chemchemi inatoa tope, usitafute udongo wa kuziba. Toa watoto na wazee usiku uleule, mwamshe jirani, mpe habari mwenyekiti. Vyombo vitabaki.

Maneno ya kuandika: mteremko, kigingi, kifusi, msingi, mfereji, korongo.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Ardhi yashuka sentimita 60 katika mita 4. Kila mita yashuka sentimita ngapi?
2. Paa lina mita za mraba 50. Mvua ni milimita 30. Ni lita ngapi?
3. Maji ya nyumba yako hupita kwa nani?

Swali la tatu kila mtu alijibu baada ya kutazama kwake mvua inaponyesha.